Tani Nyingi, Mikono Michache

Ukiisoma Mtwara kwenye makaratasi utadhani vijana wa Chikongola na Magomeni wanagombewa na waajiri. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa Oktoba 2015, kina uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Bandari imepata gati jipya. Korosho za nchi nzima zilivuka tani 500,000 msimu wa 2024/25, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa, na sehemu kubwa ilitoka hapa na kwa majirani zetu wa Lindi na Ruvuma. Katika minada ya mwanzo ya msimu huo kilo moja ilifika zaidi ya shilingi 4,000.

Njoo sasa Machi, korosho zimekwisha kuuzwa na mvua inanyesha. Bodaboda ni wengi kuliko abiria. Duka la mabati ambalo Desemba halikuwa na pa kukanyaga, mwenyewe amekaa barazani anacheza bao. Kijana mwenye cheti cha ufundi umeme anazunguka kuuliza kama kuna kibarua chochote, hata cha kuchimba msingi. Mali ipo. Inapita tu haraka mno.

Tumezoea kuupima uchumi wa Kusini kwa kile kinachotoka: futi za ujazo za gesi, tani za korosho, malori ya saruji. Ajira hazitokani na kutoka huko. Zinatokana na idadi ya mikono inayokigusa kitu kabla hakijavuka Rufiji au kupakiwa melini. Vipimo hivi viwili vinaweza kuachana kwa miaka mingi, na huku kwetu vimeachana.

Chukua pato la mkoa. Wanaolikokotoa wanahesabu thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka. Hawaulizi faida imelala wapi. Gesi inayotoka ardhini Mtwara inahesabiwa kuwa pato la Mtwara hata kama umeme wake unawasha taa Kinyerezi na gawio lake linalipwa nje ya nchi. Gawanya thamani hiyo kwa idadi ya watu, na bibi wa Nanyumbu ambaye hajawahi kuliona bomba hilo anaonekana ametajirika kidogo. Hakuna aliyedanganya hapo. Kipimo kimejibu swali lake chenyewe, nasi tunalichukua jibu hilo kujibia swali jingine.

Takwimu za wasio na kazi nazo hazitufikishi mbali. Kwa tafsiri ya kimataifa, aliyefanya kazi hata saa moja katika wiki ya kuulizwa anahesabiwa kuwa ana kazi. Basi anayepalilia Tandahimba Februari ana kazi, anayekaanga mihogo kando ya barabara ana kazi, na anayeendesha pikipiki ya mkataba huku marejesho yakimkimbiza naye ana kazi. Mkoa kama huu ungejulikana vizuri zaidi kwa swali la miezi: kati ya miezi 12, mtu analipwa mingapi? Kwa kaya nyingi za wilaya za korosho jibu halizidi vidole vya mkono mmoja.

Na watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 iliikuta Mtwara na watu 1,270,854 na Lindi 864,652. Ya 2022 ikazikuta na 1,634,947 na 1,194,028. Kwa mikoa miwili ni ongezeko la karibu watu 700,000 katika miaka 10. Kuna bomba gani la gesi litakalowaajiri hao?

Nalitaja bomba kwa sababu siasa ya Mtwara bado inalizunguka. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, mji huu uliwaka moto. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Kilio kilikuwa "gesi haitoki". Gesi ikatoka: bomba lilikamilika 2015, kwa mkopo wa China wa takriban dola bilioni 1.2. Serikali ilisema umeme ni wa taifa zima, na kabla ya Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha, zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ulitokana na gesi, kwa hiyo hoja hiyo ilikuwa na uzito. Walioandamana nao walikuwa na sababu ya kutilia shaka, maana Kusini ilikuwa imeahidiwa mengi. Ila pande zote mbili zilibishana juu ya bomba, na bomba, lielekee kaskazini au libaki hapa, haliajiri. Gesi ingebaki Mtwara bila kiwanda cha mbolea au cha vioo cha kuitumia, kijana wa Msimbati angekuwa anaitazama tu kama anavyoitazama sasa. Kilichobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma, ambao sheria iliuweka usizidi asilimia 0.3 ya mauzo. Unajenga madarasa na zahanati, na si haba. Hauleti kiwanda.

Kabla ya hapo tulionja utamu mfupi. Makampuni ya kutafuta gesi baharini yalipoifanya bandari yetu kituo cha kuhudumia meli za uchimbaji, kodi za nyumba Shangani zilipaa, madalali wa viwanja wakawa watu wakubwa mjini, na kila aliyekuwa na akiba alijenga gesti. Visima vikachimbwa, meli zikaondoka. Baadhi ya gesti zile leo zina vyumba vitupu juma zima isipokuwa kukiwa na semina au mechi Nangwanda Sijaona.

Wenzetu wa Lindi wako kwenye subira ya aina hiyo hiyo, kubwa zaidi. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o unatajwa kwa makumi ya mabilioni ya dola, ukitegemea gesi ya bahari kuu. Nchi nzima inakadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 57. Makubaliano ya awali na makampuni yakiongozwa na Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022, na mazungumzo yamekuwa yakienda na kurudi tangu hapo. Wakati huo Msumbiji walianza kusafirisha yao Novemba 2022 kutoka kiwanda cha Coral Sul kinachoelea baharini, mbali na kijiji chochote. Sisemi mradi wa Likong'o usijengwe. Nasema miradi ya namna hii huita maelfu ya mafundi wakati wa kujenga na kubaki na mamia wakati wa kuendesha, na wengi wa hao mamia ni watu waliosomea kazi hiyo miaka mingi. Anayewaambia vijana wa Lindi waisubiri anawapunja ujana wao.

Nachingwea iliyaona haya zamani. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakaufuta mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichosalia ni bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyofunguliwa 1954 wakati karanga zenyewe hazipo. Huwa najiuliza kama waliong'oa reli ile waliwahi kufikiria korosho.

Bandari hiyo ndiyo inayonipa mfano bora wa ninachokisema. Kwa misimu kadhaa korosho zilipakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam. Msimu wa 2023/24 serikali ikaelekeza zisafirishwe kupitia Mtwara. Hakujengwa kiwanda wala hakuja mwekezaji, lakini ghafla kulikuwa na kazi za kupakia na kupakua, za walinzi wa maghala, za mawakala wa forodha, za mama lishe wanaowalisha wote hao. Korosho ni zile zile, mikono imeongezeka. Wafanyabiashara walilalamikia upungufu wa makasha, na lalamiko lina msingi: meli haipendi kuja tupu, na Mtwara haiagizi mzigo wa kutosha kuijaza. Hilo la kushughulikia. Lakini Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara pale Somanga, na Kusini ikatengana na Dar es Salaam kama vile Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji halijajengwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa tena faida ya kuwa na mlango wetu wenyewe.

Sasa niingie kwenye korosho zenyewe, maana hapo ndipo penye ajira nyingi na ndipo tunapojidanganya zaidi.

Kila mwanasiasa anayepanda jukwaani Masasi husema tubangue wenyewe tuache kupeleka ajira India na Vietnam. Watu hupiga makofi, nami hupiga. Tatizo ni kwamba tumeshajaribu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ilijenga viwanda kwa mikopo ya nje: Newala, Masasi, Likombe, Mtama, Lindi, Nachingwea na kwingine. Vilikuja na mitambo mikubwa wakati uzalishaji wa korosho ukiporomoka, kwa sababu vijiji vya ujamaa vilikuwa vimewahamisha wakulima mbali na mikorosho yao. Viwanda vikakosa malighafi. Vikabinafsishwa, na vingi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Hadi leo sehemu kubwa sana ya korosho zetu inaondoka na maganda yake.

Malighafi leo ipo tele. Kwa nini basi hazibanguliwi? Jibu halisemwi jukwaani kwa sababu halipendezi: kile kinachomnufaisha mkulima ndicho kinachomkaba mwenye kiwanda.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, ambapo mkulima huweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi akisubiri mnada, pamoja na minada ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, uliwatoa wakulima mikononi mwa wanunuzi waliokuwa wakipanga bei kijijini. Korosho zetu zinavunwa kuanzia Oktoba, wakati Afrika Magharibi na India ghala zao zinaisha. Viwanda vya Vietnam na India vinazihitaji ili mashine zisilale, vinalipa vizuri. Hiyo ndiyo siri ya shilingi 4,000. Mwenye kiwanda cha Mtwara anaingia mnada ule ule, akishindana na mnunuzi mwenye mkopo wa riba ndogo wa kwao, ambaye Februari atahamia Afrika Magharibi kununua tena. Huyu wa Mtwara hana pa kuhamia. Msumbiji ng'ambo ya Mto Ruvuma wanavuna wakati mmoja na sisi. Asiponunua za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu ya minada, atafunga.

Piga hesabu. Kiwanda cha wastani cha kubangua tani 5,000 kwa mwaka, kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, kinahitaji shilingi bilioni 15 taslimu kabla ya mwaka mpya kuchangamka. Akikopa benki kwa asilimia 15, na tukichukulia korosho zinapungua ghalani polepole hadi msimu unaofuata, riba yake itakuwa zaidi ya shilingi bilioni 1.1. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, kwa hiyo tani 5,000 zitampa karibu tani 1,100. Kila kilo ya korosho karanga inabeba takriban shilingi 1,000 za riba, hajalipa umeme wala mshahara wa mama mmoja. Hapo ndipo viwanda vyetu vinapokufa. Tunawasifia wazalendo, halafu tunawashangaa wanapofunga Mei.

Kuna wanaoona dawa ni kuwalinda wabanguaji dhidi ya mnada, wapewe korosho kwanza kwa bei nafuu. Mimi sikubaliani. Bei nafuu ya kiwanda ni pengo mfukoni mwa mkulima, na mkulima wa Newala ameshabeba mizigo ya kutosha. Alibeba 2018, wanunuzi walipotaka kulipa bei ndogo, wakulima wakagoma, na Rais Magufuli akaamua jeshi likanunue kwa shilingi 3,300. Bei iliyotangazwa ilikuwa nzuri. Malipo yalichelewa, kwa wengine sana. Ajira ya kiwandani isijengwe kwa kumpunguzia mwingine kipato chake cha mwaka.

Fedha ya kuziba pengo hilo ilikuwepo na ipo. Korosho ghafi inayosafirishwa nje inatozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, ipi kubwa. Ushuru huo uliwekwa ili ubanguaji wa ndani upate nafuu, na asilimia 65 yake ilikuwa ikienda kwenye mfuko wa kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaelekezwa Hazina, na wabunge wa Kusini wakapiga kelele hadi sauti zikakauka. Baadaye serikali ilianza kutoa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, na ongezeko la tani linatokana kwa sehemu na hilo. Nalikiri bila kinyongo. Lakini salfa inaongeza korosho, haiongezi wabanguaji. Sehemu ya ushuru ikigeuzwa mtaji wa msimu, unaokopeshwa Oktoba kwa riba ndogo na kurejeshwa kadiri korosho karanga zinavyouzwa, ile shilingi 1,000 ingeshuka bila mkulima kuguswa. Ivory Coast waliamua kumpa mbanguaji ruzuku kwa kila kilo ya korosho karanga, na kiasi wanachobangua kimepanda sana ndani ya miaka 10. Hatulazimiki kuwaiga walivyofanya. Tulazimike tu kukiri kwamba waliweka fedha mezani, si hotuba.

Njia nyingine ni ya vyama vyenyewe kumiliki viwanda, kama TANECU walivyoanza Newala. Mkulima akiwa mwenye hisa, bei ya mnada inayokiumiza kiwanda inampa yeye kwa mkono wa kulia kinachotoka kushoto. Nina imani na njia hii kuliko zote, ingawa nawajua viongozi wa ushirika: wasipokaguliwa, kiwanda kitanunua gari la mwenyekiti kabla ya mashine ya kukaushia. Kongani ya viwanda inayojengwa Maranje itafaa kwa barabara, maji na umeme wa pamoja. Haitafaa kitu kama mabanda yake yatapata wapangaji wasio na mtaji wa kununua korosho.

Na hizo ajira zenyewe ni za namna gani? Wengi wanaobangua ni wanawake, na wengi wao wanalipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda yanababua vidole. Vietnam wameshaingiza mashine za kukata na kumenya, kwa hiyo kiwanda kipya cha leo hakitaajiri umati uleule wa miaka ya 1970. Atakayeahidi makumi ya maelfu ya ajira za ubanguaji aulizwe ni kwa mashine ipi. Lakini mama anayepanga korosho karanga kwa madaraja kwa miezi 10 mfululizo, hata kwa ujira mdogo, ana kitu ambacho msimu haumpi: anajua Juni atapata nini. Anaweza kulipa ada kwa awamu. Hatalazimika kuziuza korosho za shamba lake zikiwa bado maua.

Hilo la mwisho linaitwa kangomba, na limepigwa marufuku mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Mtu mwenye fedha anapita vijijini miezi ya njaa, anampa mkulima fedha kidogo, na mavuno yakifika anachukua korosho zake kwa bei ya huruma. Wakuu wa wilaya huwakamata, magari hutaifishwa, mwaka unaofuata wanarudi. Watarudi kila mwaka, kwa sababu kangomba ni benki pekee inayofika Mahuta Machi bila fomu wala dhamana. Unayemkopesha mwenye kipato cha mwezi mmoja kwa mwaka ni lazima umnyonye au akukimbie. Ongeza miezi ya kipato, kangomba itakosa wateja bila polisi.

Mengine nayapitia haraka. Madini ya kinywe (grafiti) ya Ruangwa, ambako mgodi wa Lindi Jumbo umeanza kazi, yanaajiri na yanalipa, lakini yanaondoka yakiwa unga ndani ya magunia, yaani korosho ghafi ya aina nyingine. Ufuta na mbaazi vinajaza miezi ambayo korosho haipo, ingawa mbaazi ilitufundisha 2017, India ilipoweka kikomo cha uagizaji na bei ikaanguka, jinsi mnunuzi mmoja anavyoweza kufunga mlango. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko naitazamia mema kuliko gesi yote ya Likong'o, kwa sababu samaki haendi mbali bila barafu, kisu na mtu. Na mabibo tunaendelea kuyaacha yaoze chini ya mikorosho, isipokuwa yale machache ya uraka na kochoko, wakati tunalalamika kukosa malighafi za viwanda vidogo.

Msimu utafunguliwa tena Oktoba, na redio zitatangaza bei ya mnada wa kwanza kama matokeo ya mpira. Itangazwe, ni haki yetu kufurahi. Ila ningependa Bodi ya Korosho ichapishe na orodha ya pili kila mwaka, fupi tu: kiwanda gani kilibangua, tani ngapi, kilifanya kazi miezi mingapi, na kililipa watu wangapi katika mwezi wake mbovu kuliko yote. Madiwani wa Mtwara Mikindani waisome kwenye baraza lao kabla hawajapokea mgeni mwingine mwenye picha za rangi za kiwanda kijacho.